Safu ya Lugha: Kigeugeu si jina la ugonjwa

"Kigeugeu" limetokana na kitenzi geuka, nalo ni neno la lawama: humsuta mtu asiye na msimamo, anayejua anachofanya. Kumbandika jina hilo mwenye tatizo la haiba ya mpakani (kwa Kiingereza, borderline personality disorder) ni kumwonea. Yeye hachagui kugeuka. Hisia humpanda ghafla, hofu ya kuachwa humtesa, na wengi hufikia kujiumiza. "Mpakani" linatokana na Adolph Stern wa New York, aliyeandika mwaka 1938 kuhusu wagonjwa aliowaona wako kati ya matatizo mepesi ya akili na wazimu.

Wapo watakaopendekeza "hulka" badala ya "haiba", kwa hoja kwamba mtu haachi asili yake. Hapana. Hulka ni maumbile ya kudumu, ilhali utafiti wa Mary Zanarini na wenzake katika hospitali ya McLean, Marekani, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa katika miaka 10 asilimia 93 ya wagonjwa walipata nafuu ya dalili iliyodumu angalau miaka 2. Ni kweli, nusu tu ndio waliosimama imara pia katika kazi na mahusiano. Hilo linadai msaada zaidi, si jina la kukatisha tamaa. Waandishi na watafsiri, andikeni "haiba".