Kikorea: inaandikwa hivi, inasomwa vile

Mwenye anaanza Kikorea anaweza kumaliza herufi kwa siku chache tu. Maandishi ya Hangul, yenye mufalme Sejong alitangaza mu mwaka 1446, leo iko na herufi 24 za musingi: konsonanti 14 na vokali 10. Shida inakuja kisha. Unasoma neno herufi kwa herufi, kumbe Mukorea anasema ingine. Na mu mutihani wa TOPIK wa kuanzia, maulizo 30 kati ya 70 ni ya kusikiliza. Kama haujue sheria, neno lenye unajua litapita mu masikio na hautalitambua.

1. Mwisho wa silabi kuko sauti 7 tu. Ni k, n, t, l, m, p na ng' (ya ng'ombe). S, j na ch zikiwa mwisho zinageuka t. 옷 (nguo) inaandikwa na s, inasomwa «ot». Kata sauti pale pale. Sisi wa Kiswahili tumezoea kumaliza na vokali, tunasema «oti»: hapo umeongeza silabi, na neno limeharibika.

2. Konsonanti inahama. Silabi yenye kufuata ikianza na vokali, konsonanti ya mwisho inaenda kwake. 옷이 inakuwa «o-shi»: ile s yenye ilijificha inarudi. 한국어 (lugha ya Kikorea) inasomwa «han-gu-go», na o ya kufungua kinywa. Ni sawa mu Kifaransa: tunaandika «les amis», tunasema «lezami».

3. K, t na p mbele ya n ao m zinapita mu pua. K inakuwa ng', t inakuwa n, p inakuwa m. Ile «aksanti» ya Kikorea, 감사합니다, inaandikwa na p lakini inasomwa «kamsahamnida». 국물 (muchuzi) inasomwa «kung'mul».

4. N ikikutana na l, mara nyingi zote mbili zinakuwa l. 신라, ufalme wa zamani wa Korea, inaandikwa «shin-la», inasomwa «shilla».

5. Angalia pumzi. 달 ni mwezi wa mbinguni, 딸 ni binti, 탈 ni barakoa ya kucheza. Zote tatu ziko na t, lakini pumzi haiko moja. Shika kipande cha karatasi mbele ya kinywa: kwa 탈 inapaswa kutikisika sana. Kwa 딸 unakaza koo, na karatasi inatulia.

Usijaribu kushika zote siku moja. Mu kaye yako andika kila neno mara mbili: namna linaandikwa na namna linasikilika. Kisha lisome kwa sauti, hata kama wa nyumbani wanacheka. Kusoma kimya-kimya hakufundishe ulimi.