Daftari Lipo, Mali Haipo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tuliwafundisha walimu wanafunzi wetu mwaka hadi mwaka, nao wakaenda kuifundisha shuleni. Ni methali ya kweli. Hata hivyo, zama hizi za kompyuta zimetuletea jambo jingine: mali iliyoandikwa daftarini vizuri, nayo ikapotea vilevile.

Tuchukue mfano wa MySpace, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003. Vijana wengi wasio na kampuni ya kuwauzia muziki walizipeleka huko nyimbo zao, dunia nzima ikazisikia. Mwaka 2005 kampuni ya News Corp iliinunua kwa dola milioni 580. Watu wakahamia kwingine, na mwaka 2011 ikauzwa kwa dola milioni 35 hivi.

Kufikia mwaka 2018 wenye nyimbo walianza kulalamika. Jina la wimbo lipo, ukiubonyeza hauimbi. Mwezi Machi 2019 ikafahamika wazi: wakati wa kuhamisha seva, picha, video na nyimbo za zamani zilipotea. Ilikadiriwa kuwa nyimbo zaidi ya milioni 50 zilizowekwa kati ya 2003 na 2015 hazipo tena.

Msomaji atauliza, jina linabakije na wimbo umetoweka? Programu za namna hii huwa na sehemu mbili. Moja ni daftari, linaloandika jina la kitu, mwenyewe, na mahali kilipowekwa. Ya pili ni ghala, ambamo faili lenyewe hukaa. Ghala likihamishwa au likiharibika, daftari halijui. Litaendelea kukuelekeza kwenye rafu tupu.

Mtunza stoo yeyote wa shule anaijua dawa yake. Kabla ya kumjibu mtu, angalia rafuni kama kitu kipo. Kama hakipo, mwambie waziwazi, usimwache akibonyeza bure, na mkuu wa ghala apewe taarifa. Ukihamisha ghala, hesabu rafu kwa daftari kabla ya kuliacha la zamani. Na zaidi ya yote, weka nakala mahali pengine.

Mwezi Aprili 2019 maktaba ya Internet Archive ya San Francisco ilitangaza kupata nyimbo 490,000. Ziliokolewa na watafiti waliozikusanya kati ya 2008 na 2010 kwa masomo yao tu. Hazifikii hata moja katika kila mia ya zilizopotea.

Waliopoteza hawakuwa wazembe. Waliamini kuwa kilichopokelewa kimehifadhiwa. Nasi leo tunapeleka huko picha za harusi na sauti za wazee wetu waliokwisha kututoka. Tusiridhike kuyaona majina yake kwenye orodha. Tuyafungue mara kwa mara, tukihakikisha kwamba yapo, na nakala yake ibaki nyumbani.