Kuritadi na Kurudi Nyuma Katika Uzaramo

Maneno mawili hutumika kwa mtu aachaye imani: kuritadi na kurudi nyuma. Wengi hudhani ya kuwa la kwanza ni la Kiarabu na la pili ni la Kibantu. Kumbe yote mawili, kuritadi na kurudi, yatoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kurejea. Lakini katika matumizi yameachana. Aliyeritadi ameikana dini waziwazi. Aliyerudi nyuma hakukana neno, jina lake lingali katika daftari la ubatizo, bali moyo wake umekwisha kurejea kwingine. Habari za Uzaramo, nchi ambayo leo ndani yake mna Kisarawe na sehemu za Kibaha, zatuonyesha ya kuwa huyu wa pili ndiye impasaye mwalimu kumwangalia zaidi.

Wabenedikto walifika Pugu mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889 kituo chao kikaharibiwa katika vita vya Abushiri. Mwaka 1892 Mchungaji Greiner, Mprotestanti Mjerumani, akaanzisha kituo cha Kisarawe. Misheni za pwani siku zile zililea watoto wengi waliokombolewa utumwani. Watoto hao walikuwa mbali na ukoo wao, wala hapakuwa na mzee wa kuwaita kwenye tambiko. Mzaramo wa kijijini sivyo. Mvua ikikosekana, watu walitumwa kwa Kolelo, kwenye pango la milima ya Uluguru. Mtu akiugua, mganga aliitwa. Binti akivunja ungo, aliwekwa ndani, akawa mwali. Basi mwalimu aliyemfundisha Mzaramo Amri Kumi, asimwambie neno juu ya mvua, ugonjwa na mwali, alimfundisha nusu tu. Na siku ya shida mtu hurejea kwenye jibu alijualo.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilifika Uzaramo pia, na jina la Kolelo lilitajwa ndani yake. Baada ya vita hivyo Uislamu, uliokuwapo pwani tangu karne nyingi, ulienea upesi barani. Tusiseme ya kuwa ni hila. Mwalimu wa Kurani alikuwa jirani: alikaa kijijini, alizika wafu, alikaa matangani. Aliyefiwa hakumtafuta mbali.

Wakati wa vita vya mwaka 1914 hata 1918 wamisionari Wajerumani waliondolewa. Hata hivyo Kanisa halikufa, maana walimu Waafrika walilishika. Miongoni mwao alikuwa Martin Ganisya, aliyepata kuwa mtumwa, naye akawa kiongozi wa Wakristo wa Dar es Salaam na Uzaramo. Mambo kama hayo yalitukia tena baada ya vita vya mwaka 1939 kuanza. Mara zote mbili daftari na majengo hayakumzuia mtu asirudi nyuma; kilichomzuia ni mafundisho yaliyokwisha kuingia nyumbani mwake.

Kwa hiyo mwalimu asitosheke na mwanafunzi ajibuye upesi darasani. Na amwulize: mtoto wako akiugua usiku, utamwita nani? Baba yako akifa, utafanya nini na tambiko la ukoo? Asiyeweza kujibu bado hajawa tayari kwa ubatizo. Na mwalimu asiyeuliza hana haki ya kumlaumu arudipo.