Nastaliki: Mwandiko Ulioishinda Mashine

Leo tuiweke misimbo kando tuongee historia, ingawa najua mwishowe tutarudi palepale kwenye misimbo.

Kiurdu, lugha ya mamilioni ya watu Pakistan na India, huandikwa kwa herufi zenye asili ya Kiarabu. Ukiwa umepitia madrasa unajua kwamba herufi hizo hubadili umbo zikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni. Kwa mtu wa programu hilo si tatizo: kila herufi ipe maumbo manne na kazi imekwisha.

Lakini huo ni mwandiko wa naskhi, unaokaa sawasawa juu ya mstari. Wasomaji wa Kiurdu wamezoea nastaliki, uliozaliwa Uajemi. Humo kila fungu la herufi zilizoungana huteremka, kutoka juu kulia hadi chini kushoto. Herufi ya kwanza ikae juu kiasi gani? Inategemea zinazofuata ni ngapi. Na umbo lake? Inategemea jirani yake ni nani. Nukta nazo husongamana, hivyo lazima zisogezwe zisigongane.

Sasa mfikirie fundi wa herufi za risasi. Kila herufi yake ni kipande cha mstatili, na vipande hupangwa bega kwa bega. Utavipangaje viteremke, kimoja juu ya kingine? Mwanzoni mwa karne ya 19, Chuo cha Fort William kule Calcutta kilichapisha vitabu kwa herufi za nastaliki za chuma. Hata hivyo, njia iliyoshinda ni uchapaji wa mawe, uliovumbuliwa Ujerumani na Alois Senefelder katika miaka ya 1790. Uzuri wake ni kwamba haujali maumbo. Mtu aliandika kwa mkono, maandishi yakahamishiwa kwenye jiwe, kisha nakala zikatolewa.

Mwandishi huyo aliitwa katib, neno lilelile tunalosema sisi katibu. Kwa zaidi ya miaka mia moja magazeti ya Kiurdu yaliandikwa hivyo, ukurasa kwa ukurasa, na makatibu waliokimbizana na saa ya kuchapa. Habari ikibadilika usiku, kalamu inarudi karatasini.

Aliyelifungua fundo hili ni Mirza Ahmad Jamil, msanii na mchapishaji wa Karachi. Kampuni ya Monotype ya Uingereza ilikuwa na mashine ya leza iitwayo Lasercomp, iliyoweza kuchapa Kichina chenye maelfu ya alama. Jamil akaona njia: kwa nini tuzikate herufi? Tulichukue kila fungu zima lilivyo, kama alama moja ya Kichina. Akaketi akaandika kwa mkono mafungu yapatayo 20,000. Kiswahili hutosheka na herufi 24!

Mpiga chapa aliandika herufi kwa kawaida, na programu ikatafuta fungu linalolingana kwenye jedwali. Matokeo yakaitwa Noori Nastaliq, kwa kumbukumbu ya baba yake, Noor Ahmad. Mwaka 1981 gazeti la Jang likaanza kuitumia.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Jedwali la maumbo 20,000? Mwalimu wangu wa algorithimu angelikata kwa wino mwekundu. Lakini kanuni za nastaliki zilikuwa mikononi mwa makatibu, hakuna aliyekuwa amezigeuza kuwa lugha ya mashine. Jamil hakusubiri. Aliihifadhi kazi ya mkono yenyewe.

Gharama zilikuwepo. Magazeti hayakuhitaji tena makatibu wengi, na ufundi wa maisha ukakosa mwajiri. Gazeti la The Musalman la Chennai, lililoanzishwa 1927, lilikuwa miongoni mwa machache yaliyoendelea kuandikwa kwa mkono hata katika karne ya 21.

Mwaka 1994 programu ya InPage kutoka India iliileta Noori Nastaliq kwenye kompyuta za kawaida. Faili moja ya fonti wakati huo ilibeba alama 256 tu, kwa hiyo mafungu yaligawanywa katika makumi ya faili. Data yake haikufuata Unikodi, basi magazeti mengi yakaweka habari mtandaoni kama picha. Picha unaisoma, lakini huwezi kutafuta neno ndani yake wala kulinakili. Miaka mingi ya habari za Kiurdu ilifungiwa humo.

Kanuni zilikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Lahore walitoa Nafees Nastaleeq, na mwaka 2014 Google wakatoa Noto Nastaliq Urdu, ya bure. Katika fonti hizi herufi ni herufi za Unikodi, na kanuni zilizo ndani ya fonti huchagua umbo, huinua mwanzo wa fungu na kusogeza nukta. Sasa neno linatafutika, na bado linateremka.

Ukipata nafasi, fungua kanuni za fonti kama hiyo uzisome. Kila mstari unajibu swali ambalo katibu wa zamani alilijibu kwa kalamu bila hata kusimama kufikiri.