Somo la Ardhi Katika Bonde la Ufa

Msomaji wangu kijana, ukisimama siku moja Rongai ukaelekeza uso wako mashariki, utauona mlima mpana usio na kilele. Huo ni Menengai. Maelfu ya miaka iliyopita mlima huo ulitapika moto na majivu, kisha sehemu yake ya juu ikadidimia, pakabaki shimo lenye upana wa kilomita 12 hivi. Majivu yale yalitanda katika nyanda za karibu, na baada ya miaka mingi yakawa udongo, nasi leo twapanda mahindi ndani yake.

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaojiandaa kuwa walimu wa watoto wadogo. Mara nyingi wao huniuliza: ya nini kumfundisha mtoto wa miaka sita habari za mawe, udongo, hewa na maji, naye aviona kila siku? Mimi huwajibu kwa kuwasimulia historia ya bonde hili.

Mwaka 1903 Mwingereza mmoja, Lord Delamere, alipewa na serikali ya kikoloni ardhi ya ekari 100,000 huko Njoro, kusini ya Rongai. Alipoyaona majani mengi mabichi alidhani amepata malisho bora. Akaagiza kondoo kutoka Nyuzilandi, nao wakavuka bahari, wakapanda garimoshi, wakafika. Lakini kondoo wale walikonda, na wengi wao wakafa. Inasimuliwa kwamba Wamaasai, waliochunga katika bonde hili tangu zamani, hawakupenda kuwalisha ng'ombe wao mahali pale. Mtoto wa mchungaji alijifunza mambo hayo kwa kumfuata baba yake malishoni. Aliambiwa majani haya ni mema, na yale yasimhadae. Walakini mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu hii ya bonde kwa mapatano waliyowekewa na Waingereza, na ujuzi wao ukaondoka pamoja nao.

Je, majani yale yalikuwa na kasoro gani? Magonjwa ya mifugo yalikuwa mengi siku zile, lakini mojawapo lilitoka katika udongo wenyewe. Ng'ombe wa nyanda za Nakuru walikonda huku matumbo yao yamejaa majani, hata ugonjwa huo ukaitwa Nakuruitis. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia, waliokuwa wakichunguza ugonjwa kama huo kwao, waligundua kwamba udongo ulipungukiwa na madini yaitwayo kobalti. Mnyama huhitaji kiasi kidogo mno cha madini hayo. Lakini akiyakosa kabisa, vijidudu vilivyomo tumboni mwake haviwezi kumtengenezea vitamini B12, naye hudhoofika hata kufa. Udongo wa majivu ya mlima ulikuwa na upungufu huo huo. Dawa yake ni kumpa mnyama chumvi ya kulamba iliyotiwa kobalti. Basi waona jinsi mwamba unavyozaa udongo, udongo ukazaa majani, na majani yakamlisha au yakamnyima mnyama.

Kondoo walipomshinda, Delamere aligeukia ngano. Safari hii adui alikuja kwa hewa. Kutu ya ngano ni ugonjwa wa kuvu, na mbegu za kuvu hiyo ni ndogo kuliko vumbi, hivi kwamba upepo huzichukua kutoka shamba hata shamba, na kutoka nchi hata nchi. Mavuno yaliharibika, ikabidi kuzitafuta aina za ngano zenye nguvu za kuushinda ugonjwa huo. Mwaka 1927 kituo cha kazi hiyo kilianzishwa Njoro. Vita hivyo havijaisha. Kutu mpya kali ilionekana Uganda mwaka 1998, na tangu mwaka 2005 ngano za nchi nyingi za dunia zimejaribiwa huko Njoro. Upepo hauna mpaka.

Yamebaki maji, na habari yake ni ya majonzi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika majira ya mvua nyingi, ukingo wa udongo wa bwawa moja huko Solai, kaskazini ya Menengai, ulipasuka. Maji yaliteremka gizani yakabeba nyumba, mawe na miti. Watu zaidi ya arubaini walikufa, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Maji yale yalikuwa yamewekwa ili yanyweshe mashamba. Lakini maji yana uzito, na ukingo wa udongo ukilowa sana hulegea; kwa hiyo bwawa halina budi kujengwa kwa ujuzi, na kukaguliwa kila mara, hasa likiwa juu ya makao ya watu.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu umelifunza bonde letu mara nyingi, na ada yake imekuwa kubwa: mara ng'ombe, mara mavuno, mara roho za watu. Mwalimu hutoza ada ndogo zaidi.

Ndiyo sababu huwaambia wanafunzi wangu hivi: mtoto akikuletea lile jiwe jeupe jepesi linalookotwa huku kwetu, usimwambie alitupe. Litie ndani ya bakuli la maji, alione likielea. Kisha mwulize lilitoka wapi, na kwa nini ni jepesi. Mwonyeshe vitundu vyake vilivyoachwa na hewa ya moto ya mlima. Papo hapo mtoto huyo amekwisha kuvishika pamoja mwamba, hewa na maji, na udongo u chini ya miguu yake. Nawe kijana usomaye haya, huenda siku moja utakuwa mwalimu wake, au mjenzi wa bwawa lililo juu ya nyumba yao.