Jinsi Walimu wa Watu Wazima Walivyotayarishwa

Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipowaeleza Wabunge mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alisema ya kuwa yapasa kuwafundisha watu wazima kwanza, maana elimu ya watoto haitaigeuza nchi kabla ya kupita miaka mitano, au kumi, au hata ishirini. Lakini ilipofanywa hesabu ya watu mwaka 1967, ilionekana kwamba katika kila watu wazima kumi wa Tanzania, karibu saba hawakujua kusoma wala kuandika. Basi, nani awafundishe watu wengi hivi?

Walimu wa shule hawakutosha. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, waliitwa walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, na posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Hebu fikirini, wasomaji wapendwa: kijana aliyemwamkia mzee shikamoo njiani, jioni ile ile asimama mbele yake kwa chaki mkononi! Akimkemea kama alivyokemewa yeye shuleni, mzee hatarudi kesho, wala hatasema kwa nini.

Kwa hiyo kazi ya kuwatayarisha vijana hao haikuwa ya kuwafundisha herufi, kwa kuwa herufi walizijua. Ilikuwa kuwaondolea desturi za darasa la watoto. Huko Kanda ya Ziwa, tangu mwaka 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulionyesha njia ya kisomo chenye manufaa. Vitabu viliandikwa juu ya pamba, migomba, uvuvi na utunzaji wa nyumba. Mwalimu alifunzwa kuanza na mazungumzo juu ya kazi yenyewe, ndipo lifuate neno, na baada ya neno silabi. Katika mazungumzo juu ya pamba, mara nyingi mzee ndiye aliyejua zaidi, na kijana akawa mwanafunzi wake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo heshima ya wote wawili ilipopona.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa ngazi: wachache walifunzwa kwanza, nao wakawafunza wa wilaya, na hao wakawafunza wa vijijini. Kiongozi hakutakiwa kuhubiri habari za malaria au kuhara. Kazi yake ilikuwa kuwasikilizisha wenzake redio, kusoma nao kitabu, kuuliza, kisha kunyamaza wapate kusema, mpaka wapatane watakalotenda, kama kuchimba choo au kufyeka majani. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, kama ajuavyo kila aliyewahi kufundisha.

Ngazi hiyo ilikuwa na hasara yake pia. Maji ya mfereji mrefu hupungua kabla ya kufika shamba la mwisho; hivyo yule wa kijijini, aliyekabili watu wenyewe, ndiye aliyepata siku chache kuliko wote.

Hata hivyo mavuno yalionekana. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wameshuka hata asilimia 39, na mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Kisha ikafuata dhiki ya uchumi. Posho zilichelewa, semina za kuwakumbusha walimu zilikoma mahali pengi, na vitabu vilichakaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 ikaonyesha kwamba wasiojua kusoma wamepanda tena hata asilimia 31 hivi.

Katika miaka ya 1990 ulianza kujaribiwa mpango uitwao MUKEJA. Humo wanakisomo wenyewe huchagua la kujifunza, naye mwalimu huitwa mwezeshaji.