Ala kama Ushahidi wa Kihistoria: Baragumu katika Trio ya Brahms ya 1865

Mwaka 1865, Johannes Brahms alitunga Opus 40, kazi ya piano, fidla na baragumu. Wakati huo baragumu lenye vali lilikwisha kuenea Ulaya, kwani hataza yake ilitolewa Berlin mwaka 1818. Hata hivyo, Brahms aliagiza baragumu la kale lisilo na vali. Uamuzi huo haukutokana na kupenda ukale tu. Mpulizaji wa baragumu hilo hupata sauti kadhaa kwa kuziba kwa mkono upande mpana wa ala, nazo hutoka zikiwa zimefifia. Katika sehemu ya tatu, ya polepole, ambayo wataalamu wengi huihusisha na kifo cha mama yake Februari mwaka huo, sauti za aina hiyo huipa huzuni rangi yake. Vali husawazisha sauti zote. Tofauti hiyo hutoweka, ingawa nota zilizoandikwa ni zile zile. Kwa hiyo, maandishi pekee si ushahidi kamili. Sera ya kuhifadhi muziki haina budi kulinda pia ala na ustadi wa kuzipiga. Vinginevyo, kinachorithishwa ni nusu ya historia.